Kujitengenezea gari ukiwa Nakuru: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi si makanika. Nauza mayai: nayakusanya Lanet na Njoro, nayapeleka Kisumu mara mbili kwa wiki kwa Probox yenye injini ya 1NZ ambayo imekuwa mikononi mwangu tangu 2014. Kazi zake nyingi nimezifanya mwenyewe, na nyingine nimezifanya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliziharibu. Watu wa ploti, wa kanisani na wenzangu wa barabarani huniuliza maswali yale yale, nami nimeyaweka hapa ili chai yangu isiwe inapoa kila Jumamosi.

Ulianza kujitengenezea kwa sababu mafundi ni wezi?

Wezi wapo, kama walivyopo kwenye biashara ya mayai. Lakini pesa zangu nyingi hazikuibwa. Zilipotea kwa kubahatisha.

Mwaka 2016 gari lilianza kukataa kuwaka asubuhi. Fundi wa kwanza akasema betri. Nikanunua betri mpya, likawaka wiki mbili, likakataa tena. Wa pili akainamisha sikio kwenye boneti, akatikisa kichwa kama daktari: "Mkubwa, hii ni alternata." Nikanunua alternata iliyotumika kutoka Japani. Siku tisa. Wa tatu akataka kushusha stata. Hapo nikakataa, na isidhaniwe ni kwa busara. Pesa zilikuwa zimekwisha.

Kulikuwa na mzee jirani yetu aliyestaafu kazi ya umeme. Akaja na multimeta iliyofungwa selotepu mgongoni. "Kijana wangu, weka ncha nyeusi juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, usiweke kwenye kishikio chake. Nyekundu iguse chuma cha injini, mahali pasipo na rangi. Sasa mwite mama watoto apige stata." Kile kidude kinapaswa kusoma karibu na sufuri, kikizidi volti 0.2 au 0.3, kuna mahali umeme unakwama. Chetu kiliruka hadi 1.3. Mzee hakusema kitu. Akafuata waya wa athi kutoka kwenye betri hadi pale unapofungwa kwenye bodi, akafungua bolti moja ya namba 10, na chini yake kukawa na ukoko wa kijani na weupe kama chokaa. Tukasugua kwa kipande cha msasa, tukakaza. Betri ya zamani, ile niliyokuwa nimeitupa kibandani, tukaichaji, tukairudisha. Ilinitumikia mwaka mwingine mzima.

Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa ameniibia. Kila mmoja alibahatisha, na mimi nikalipia kila raundi. Tangu siku ile nina sheria moja, na utaikuta imejificha ndani ya karibu kila jibu hapa chini: pima kwanza, nunua baadaye. Ukijitengenezea gari bila kupima, utakuwa umehamisha kubahatisha kutoka gereji hadi uani kwako, na safari hii hutakuwa na wa kumlaumu.

Kwa nini basi fundi hapimi?

Kwa sababu hatulipi. Mpe fundi dakika arobaini atafute waya mbovu, halafu aukute na kuukaza kwa bolti moja, uone kama utampa hata pesa ya chakula cha mchana. Utamwambia, "Si umekaza tu?" Anajua hivyo. Lakini akikwambia alternata, atapata ujira wa kuifunga na duka la spea litamkumbuka kwa kumleta mteja. Sisi wenyewe tumemfundisha kwamba macho yake ni ya bure na spea ndiyo yenye pesa. Siku hizi nikimwendea fundi namwambia mapema: nitakulipa kwa kutafuta, hata kama hukubadilisha kitu. Ajabu ni jinsi uso unavyobadilika.

Nianze na kifaa gani?

Multimeta. Ya bei ya chini kabisa inatosha. Watu hushangaa kwa sababu wanatarajia niseme spana, lakini spana hufungua tu. Haikuambii ufungue nini.

Namba tatu za kukariri: betri iliyopumzika usiku kucha na imejaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikinguruma, soma tena hapo hapo kwenye betri. Kwa gari la kawaida la aina hii inapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kidogo, alternata haichaji, au waya wake haufikishi. Hapo umekwisha kujua mambo ambayo watu wengi huyajua baada ya kununua betri.

Baada ya hapo: spana za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, soketi zake na racheti, spana ya kufungulia nati za magurudumu (Toyota nyingi ni 21), tochi ya kuvaa kichwani, na stendi mbili za kuegemezea gari. Namba 10 nunua mbili. Moja itapotea, sijui huwa zinaenda wapi.

Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukazia, ni ghali kidogo, na mwanzoni unaweza kuazima. Lakini itafute. Mkono wa mwanamume mwenye hasira ya jua hauna kipimo.

Kazi gani naweza kufanya, na gani nisiguse?

Unaweza: oili na filta zake, filta ya hewa, plagi, betri na vishikio vyake, balbu, fenibelti kwenye magari mengi, wepa, maji ya redieta, padi za breki ukishazoea. Hizo ndizo kazi zinazorudi kila mara, na ndizo hufanywa ovyo zaidi kwa sababu mafundi wengi huziona za vijana wa kujifunza.

Usiguse springi za shokabzoba kama huna kibanio chake sawasawa. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Usiguse erbegi, zile plagi za manjano chini ya usukani si za kuchezea, na hata fundi anayejua hutoa betri kwanza na kusubiri. Waya wa rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi ni umeme wa kuua, uache. Gesi ya AC ina mtu wake. Gia boksi ina mtu wake, na ninamtafuta kwa kuuliza watu watatu kabla sijampelekea.

Halafu hili nitalisema kwa sauti ya juu: jeki ni ya kuinulia gari. Si ya kulalia chini yake. Jeki za haidroliki hushuka, na uani kwetu kwenye udongo laini wa Lanet hata jeki nzima huzama upande na gari likainama. Weka ubao mpana chini, inua, weka stendi, sukuma gari kwa bega uone kama linacheza, ndipo uingie. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya bodi, nalo liwe mlinzi. Kama huna stendi, kazi ya leo ni kununua stendi.

Nieleze kubadilisha oili kama unamweleza mtoto.

Endesha gari dakika tano ili oili iwe vuguvugu na iteremke vizuri. Isiwe moto wa kukuunguza. Inua, weka stendi. Chini ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, kuna bolti moja, kwa 1NZ ni namba 14. Weka beseni, fungua, vuta mkono haraka. Acha idondoke hadi iwe tone moja moja, usiharakishe. Hapo ndipo ninapokunywa chai.

Rudisha bolti na washa (kile kipete chake) mpya. Kipimo chake cha kukaza kwa injini hii, ukitumia toki renchi, ni kama Nm 38, na hiyo ni kidogo kuliko unavyofikiri. Wengi huikaza kama wanafunga nati ya gurudumu, na anayefuata hukuta meno yameliwa. Filta: paka ukingo wake wa mpira oili mpya, ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Mimina lita 3.7 hivi kama umebadilisha filta, lakini usimimine zote kwa mkupuo. Weka tatu na nusu, washa, zima, subiri, soma kijiti.

Sasa kosa langu. Mara ya pili kufanya kazi hii, filta kuukuu ilitoka ikaacha mpira wake umeganda kwenye injini. Sikuangalia. Nikafunga mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Ilishika vizuri uani. Ilishika hadi Ngata. Nikiwa karibu kuanza kupanda, taa nyekundu ya oili ikawaka, nikazima papo hapo na kusimama kando. Kushuka, nyuma yangu barabara ilikuwa na mstari mweusi mrefu unaong'aa, na trei thelathini za mayai zikinitazama. Nilipona kwa sababu nilizima haraka. Sasa kabla ya kufunga filta mpya napitisha kidole pale inapokaa, kila mara, na nikimaliza nawasha gari na kulala chini na tochi dakika mbili nzima.

Filta ya hewa usiisubiri kilomita ambazo kitabu kinasema. Kitabu kiliandikiwa watu wasiojua vumbi la Nakuru la Januari na Februari. Itoe kila mwezi wa kiangazi, iinue kuelekea jua. Kama huoni mwanga kupitia kwake, ibadilishe. Kuipuliza kwa kompresa kutoka upande wa nje ni kusukuma vumbi ndani zaidi.

Gari linachemka nikipanda Sachangwan. Fundi alitoa thermostati na bado.

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wanaokwenda magharibi, kwa hiyo tulia nalijibu.

Nakuru mjini tuko kama mita 1,850 juu ya bahari. Maji kwenye sufuria yako huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Kisumu, iliyoko mita 1,130 hivi, ni kama nyuzi 96. Ukipanda kutoka Salgaa kupitia Sachangwan hadi Mau Summit, yanachemka mapema zaidi kuliko nyumbani. Injini yenyewe hupenda kufanya kazi karibu na nyuzi 90 au zaidi kidogo. Yaani kama si shinikizo, redieta yako ingekuwa birika kila ukipanda kilima.

Linaloshika shinikizo ni kifuniko cha redieta. Ndiyo, kile kidude kidogo. Kimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, na kikiwa kizima maji hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Mpira wake ukikauka au springi yake ikilegea, unarudi kwenye nyuzi 94 na unapanda Sachangwan na sufuria isiyo na mfuniko. Nimeona watu wakipelekwa kwenye kubadilisha gasketi ya silinda hedi kwa sababu ya kifuniko. Kiangalie kwanza, gari likiwa baridi kabisa: mpira umepasuka? springi inarudi ukiibonyeza? Kama una shaka, nunua kipya chenye namba ile ile. Usiongeze namba ukidhani unasaidia.

Pili, feni. Gari likiwa limesimama, washa AC. Kwenye Toyota hizi feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei, kisha pima umeme kwenye plagi ya feni kabla hujainunua.

Tatu, maji. Maji ya visima vya huku yanajulikana kwa floraidi, na meno ya wazee wetu ni ushahidi. Pamoja na floraidi yamo madini mengine, nayo hujijenga ndani ya vijibomba vya redieta kama ukoko wa birika. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya redieta, iliyokwisha kuchanganywa. Na rangi isikudanganye. Nyekundu ya kampuni hii si lazima iwe nyekundu ya kampuni ile. Soma kopo.

Kuhusu thermostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda redieta injini ikipata joto: mwambie fundi airudishe. Imekuwa mtindo, gari likichemka thermostati inang'olewa kama jino. Injini ya 1NZ bila hiyo hukaa baridi asubuhi nzima, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inamwaga petroli zaidi, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Utakuwa umeondoa dalili na kujiwekea ugonjwa mwingine wa polepole. Kama thermostati ni mbovu, weka mpya. Unaweza kuipima kwa sufuria ya maji jikoni: itumbukize, pasha, uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo, kwa hiyo hata maji ya Nakuru yanatosha kwa jaribio. Usitumie sufuria ya ugali. Nilitumia, na ilikuwa siku ndefu.

Kama kifuniko, feni na maji viko sawa na bado maji yanapungua bila kuvuja, au unaona mapovu yasiyokoma kwenye redieta injini ikinguruma, sasa ndipo uzungumze na fundi kuhusu gasketi.

Usifungue redieta ya moto. Najua unajua. Nasema tena.

Breki mwenyewe? Si hatari?

Hatari ni kuendesha hujui zikoje. Kutazama unene wa padi hakuhitaji cheti: toa gurudumu, chungulia. Zikibaki milimita 3 panga kubadilisha.

Ukibadilisha, fanya upande mmoja hadi umalize, upande wa pili uwe mfano wako wa kutazamia. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Kalipa, ile inayobana padi, usiiache ining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya kwenye springi. Sukuma pistoni ndani taratibu ukitazama kopo la mafuta ya breki juu, lisifurike, maana hula rangi ya bodi. Zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake zisafishe na uzipake grisi yake maalumu. Vumbi la huku huzigandisha, na padi ya ndani huisha huku ya nje ikiwa mpya. Nati za gurudumu ni Nm 103 kwa Toyota ndogo nyingi, na zikaze kwa kuruka, moja hapa moja ng'ambo.

Halafu, kabla gari halijasogea hata hatua moja, pampu pedali. Ya kwanza itakwenda hadi sakafuni bila kitu, kwa sababu pistoni ulizirudisha nyuma. Ya pili, ya tatu, ndipo itakuwa ngumu. Jirani yangu alisahau. Geti lake sasa lina umbo la Demio.

Mafuta ya breki yenyewe ndiyo watu huyasahau kabisa. Hunyonya unyevu kutoka hewani hata ukiwa umelala. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Iliyokwisha kunywa maji hushuka hadi kama 140. Sasa jiweke kwenye ule mteremko mrefu kutoka Mau Summit kurudi Salgaa, umebeba mzigo, umekanyaga breki kilomita baada ya kilomita badala ya kushuka na gia ndogo. Yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama. Badilisha kila miaka miwili. Ukiyabadilisha lazima utoe hewa kwenye mabomba, na kazi hiyo fanya na mtu wa kukusaidia kukanyaga, na kama ni mara yako ya kwanza, lipa fundi akuonyeshe ukiwa umeshika spana wewe. Sioni aibu yoyote hapo.

Taa ya injini imewaka. Fundi wa mashine amesoma msimbo na kusema sensa.

Msimbo hukuambia kompyuta inalalamikia nini. Haukuambii kipi kimekufa.

P0301, kwa mfano, ni kwamba silinda ya kwanza haichomi vizuri. Inaweza kuwa plagi, koili, injekta, waya, hata kompresheni. Kwenye 1NZ kila plagi ina koili yake juu, zote nne zinafanana. Kwa hiyo hamisha koili ya kwanza uiweke ya pili, ya pili iweke ya kwanza, futa msimbo, endesha. Ukirudi P0302, koili ndiyo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ukirudi P0301 ile ile, koili haina hatia. Sasa hamisha plagi. Dakika kumi na tano, bolti za namba 10, shilingi sufuri. Hii ndiyo raha yenyewe ya kazi hii, kusema kweli, kuliko hata pesa.

P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli. Kabla hujanunua sensa ya oksijeni, tafuta mpira uliopasuka kati ya filta ya hewa na injini, kisha safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu.

Vile vidude vidogo vya Bluetooth vya kusomea msimbo kwa simu ni vizuri, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingine hayazungumzi navyo. Kijaribu kwa gari lako kabla hujalipa.

Spea nitazijuaje za kweli?

Anza na namba ya fremu, ile iliyo kwenye bamba chini ya boneti au karibu na mlango. Kwayo unapata namba ya spea yenyewe, na dukani unaomba namba, huombi "filta ya Probox". Muuzaji akisema "hizi zote ni moja", tabasamu, nenda duka la pili.

Zilizotumika kutoka Japani nazinunua bila shaka kwa koili, sensa, taa, vioo, alternata. Sinunui zilizotumika za padi, belti, bushi za mpira, wala pampu ya maji. Mpira una umri hata kama uliishi kwa gari la mwalimu wa Osaka aliyekwenda sokoni tu. Oili nanunua mahali ninapojulikana, nakagua kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, na kopo likiisha natoboa kabla ya kulitupa, maana makopo mazima yana watu wanaoyatafuta.

Oili ya gia boksi naweza kumimina yoyote nyekundu?

Hapana. Toyota nyingine hutaka T-IV, nyingine WS, za CVT (otomatiki zinazotumia mkanda) hutaka TC au FE. Nissan za CVT hutaka NS-2 au NS-3. Soma kijiti au kitabu. Kuchanganya hapa ndiko kunakozaa gia boksi zinazouzwa barabarani.

Sheria inaniruhusu?

Gari lako binafsi unaweza kulifungua uani kwako. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inachotaka ni gari liwe katika hali ya kufaa barabarani, na polisi akilisimamisha likiwa na kasoro hataki kujua ni nani aliyelifunga. Atakayekusumbua zaidi ya polisi ni mwenye ploti, ukimdondoshea oili kwenye kabro zake. Tandaza maboksi.

Oili chafu niimwage wapi?

Usiimwage mtaroni. Mvua ya mji huu huteremka ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kilichoingia kimeingia. Mimi hurudisha kwenye kopo la lita tano na kuipeleka gereji iliyo na pipa la kukusanyia. Wapo wanaopaka nguzo za ua kuzuia mchwa. Marehemu baba alifanya hivyo, na nguzo zake bado zimesimama, lakini mboga zilizopandwa kando yake hazikuwahi kustawi.

Mimi ni mama, na nikienda gereji fundi huongea na mume wangu kwa simu.

Dada, hata mimi huongeleshwa kama mtoto nikienda na shati safi. Nenda na daftari. Andika tarehe, kilomita, dalili (linaanza lini: baridi, moto, kwenye kona, ukikanyaga breki?) na namba ulizopima. Mwambie fundi, "Betri imesoma 12.6 asubuhi na 12.9 injini ikinguruma," kisha nyamaza. Na vifaa vya zamani urudishiwe, vyote, ndani ya boksi la vipya. Lisemeni hilo mwanzoni, kwa upole, kabla spana haijaguswa.

Nitaokoa pesa kiasi gani?

Mwaka wa kwanza, labda sufuri. Utanunua vifaa, utavunja klipu, utavua bolti meno. Kuanzia wa pili utaona tofauti, hasa kwenye vitu ambavyo hukuvinunua. Kama muda wako una bei kubwa na huna mahali tambarare pa kufanyia kazi, lipa fundi mzuri na upime tu mwenyewe. Hilo peke yake ni nusu ya faida, na huchafui mikono.

Jumamosi uko? Nataka ulitazame langu.

Hapana. Jumamosi niko chini ya langu. Kuna mlio mguu wa mbele kulia, unasikika nikiingia matuta ya Lanet polepole na kupotea nikiongeza mwendo. Nimekwisha kukagua bushi, boli jointi na viungo vya stebilaiza, na vyote viko imara. Fundi mmoja aliyepita akasema ni shokabzoba, zote mbili. Sijanunua. Kama una mtu wa kuniyumbishia gari huku nimeshika springi kwa mkono nisikilize, njoo naye saa tatu, chai ipo.